Ukizuru ikweta, beba karatasi ya grafu

IWAPO umewahi kusafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Nanyuki, bila shaka unalifahamu lile bango linalosimama kando ya barabara kabla hujaingia mjini. Hapo ndipo magari hupunguza mwendo. Wazazi huwapanga watoto, mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini, picha hupigwa, vinyago hununuliwa, kisha safari huendelea.

Wachache sana huinama kuutafuta mstari wenyewe. Na hata wangeinama, wasingeuona. Hakuna uzi, hakuna mtaro, wala hakuna chapa yoyote ardhini. Nyasi za upande huu ni zile zile za upande ule, na ng'ombe anayelisha hapo huvuka kutoka kizio kimoja cha dunia hadi kingine mara kumi kwa siku bila ya kuulizwa kitambulisho.

Hata hivyo, mstari huo usioonekana, pamoja na ndugu yake anayepita mbali kule Greenwich, Uingereza, ndio unaoiwezesha simu yako kujua uko wapi. Ndio unaomwongoza rubani anapotua usiku. Na ndugu zake wengine ndio waliomwamulia mtu fulani awe Mkenya na binamu yake wa ng'ambo ya pili awe Mtanzania. Kwa hivyo leo nakualika tusafiri pamoja kuifuata mistari hii, ili ujue ni ipi iliyowekwa na maumbile, ni ipi iliyowekwa na watu, na kwa nini inakupasa kuzitofautisha.

Namba mbili tu

Kila mwanafunzi aliyepitia shule ya upili anaikumbuka karatasi ya grafu. Wengine wanaikumbuka kwa furaha, wengine kwa machungu. Unachora mstari mmoja wa ulalo, unachora mwingine wa wima, mistari hiyo inakatana mahali panapoitwa sufuri, kisha kila nukta unayotaka kuitaja unaipa namba mbili. Ya kwanza inasema umbali wa kwenda kulia au kushoto. Ya pili inasema umbali wa kupanda au kushuka.

Usidhani jambo hili ni la darasani pekee. Mtu anayetafuta kiti chake kwenye gari la moshi la kwenda Mombasa hutazama namba ya behewa, halafu namba ya kiti. Mgeni wako wa mjini unamwambia, "Ghorofa ya tatu, mlango wa nne." Namba moja pekee ingemwacha mgeni akibisha hodi kwenye kila mlango. Namba mbili zinamfikisha.

Dunia nayo imefanyiwa vivyo hivyo. Ikweta ndiyo mstari wa ulalo. Umbali wa kwenda kaskazini au kusini kutoka hapo huitwa latitudo, na ule wa kwenda mashariki au magharibi kutoka Greenwich huitwa longitudo. Vipimo hivi ni vya digrii, na kila digrii imegawanywa katika dakika 60. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, hivyo dakika moja ni kilomita 1.85 hivi. Karibu na ikweta, dakika moja ya longitudo nayo ina urefu kama huo.

Sasa chukua kalamu. Jiji la Nairobi liko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na digrii 36 na dakika 49 mashariki mwa Greenwich. Mji wa Nanyuki uko kama dakika moja tu kaskazini mwa ikweta, na digrii 37 na dakika 4 mashariki. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki, basi, unapanda dakika 78 kuelekea kaskazini, ambazo ni kilomita 144, na unasogea dakika 15 kuelekea mashariki, ambazo ni kilomita 28.

Hapo umepata pembetatu yenye pembe mraba, na yule mzee Pythagoras uliyemlaani usiku wa kuamkia mtihani anakuja kukusaidia. Zidisha 144 kwa 144, zidisha 28 kwa 28, jumlisha, kisha utafute kipeo cha pili. Utapata karibu kilomita 147. Huo ndio umbali ambao ndege ingeruka moja kwa moja. Barabara yenyewe ni kama kilomita 200, na tofauti hiyo ndiyo milima, mito na kona ulizozihesabu ukiwa garini.

Maji ya karai na theluji ya mlimani

Kabla hatujaondoka Nanyuki, kuna maonyesho ambayo hutayakosa. Kijana mchangamfu atakuita, atamimina maji katika karai lenye tundu chini, na kutia kijiti juu yake. Hatua chache kaskazini mwa bango kijiti kitazunguka upande mmoja, hatua chache kusini kitazunguka upande wa pili, na pale kwenye bango kitatulia tuli. Watoto watapiga makofi.

Mlipe kijana ujira wake, kwani maonyesho ni mazuri. Lakini mkirudi garini waambie watoto ukweli. Ni kweli kwamba kuzunguka kwa dunia hupinda njia ya pepo kubwa, na ndiyo maana vimbunga vya baharini huzunguka upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini. Lakini nguvu hiyo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta, na ndiyo maana vimbunga ni nadra mno kuzaliwa karibu nayo. Hatua ishirini kutoka kwenye mstari nguvu hiyo ni kama haipo, na katika karai dogo hushindwa kabisa na namna maji yalivyomiminwa. Mwombe kijana amimine maji kutoka upande wa pili wa karai, pale pale aliposimama, uone kijiti kitafanya nini.

Kisha inua macho utazame Mlima Kenya. Kilele cha Batian kiko dakika 9 tu kusini mwa ikweta, lakini kina urefu wa mita 5,199 kutoka usawa wa bahari, na barafu yake, ijapokuwa imepungua sana, ilidumu huko kwa maelfu ya miaka. Mnamo Desemba 3, 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo akiwa Ukambani, baada ya kusikia habari zake kutoka kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Mwaka mmoja kabla yake, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro. Habari zilipofika Ulaya, wakatokea wataalamu walioketi na ramani zao mezani wakakataa katakata. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, hakukubali kwamba theluji ingeweza kukaa karibu hivyo na ikweta.

Cooley hakuwa mjinga. Kosa lake ni kwamba alitazama namba mbili, akasahau ya tatu, yaani urefu wa kwenda juu. Karatasi ya grafu ni bapa, dunia si bapa. Wakamba waliouona mlima ule kila asubuhi hawakuhitaji kuambiwa.

Askari aliyetilia shaka kila kitu

Je, ni nani aliyeanzisha mambo haya ya mistari miwili? Ukisafiri Ufaransa, kusini mwa jiji la Tours, utafika katika mji mdogo uitwao Descartes. Zamani uliitwa La Haye, na ulibadilishwa jina kwa heshima ya mtoto aliyezaliwa hapo Machi 31, 1596. Mtoto huyo, René Descartes, alikua akawa askari, mwanahisabati na mwanafalsafa.

Pengine umesikia kisa kwamba Descartes alikuwa amelala kitandani akimtazama nzi kwenye dari, ndipo akawaza kwamba anaweza kumtaja nzi yule alipo kwa kuhesabu umbali wake kutoka kuta mbili. Kisa ni kitamu, na walimu wanakipenda, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kilitokea. Kinachojulikana ni kwamba mwaka wa 1637, akiishi Uholanzi, alichapisha katika mji wa Leiden kitabu kuhusu njia ya kufikiri sawasawa, na mwishoni akaambatanisha sehemu iliyoitwa Jiometri. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, alikuwa amefikia wazo kama hilo wakati huo huo, lakini kazi yake ilichapishwa mwaka wa 1679, baada ya kifo chake.

Hata hivyo, Descartes hakuchora grafu kama tunazochora leo. Jambo alilofanya ni kubwa kuliko kuchora mistari. Tangu enzi za Wagiriki, jiometri ilikuwa elimu ya maumbo, na aljebra, ambayo jina lake limetoka katika kitabu cha Al-Khwarizmi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, ilikuwa elimu ya hesabu zenye namba zisizojulikana. Descartes na Fermat waliozesha elimu hizo mbili. Tangu hapo umbo likawa hesabu, na hesabu ikawa umbo.

Tuchukue mfano wa mtaani. Tuseme mwendeshaji bodaboda mmoja anatoza shilingi 50 za kupanda, na shilingi 20 kwa kila kilomita. Mwenzake hatozi kitu cha kupanda, ila anataka shilingi 30 kwa kila kilomita. Utamchagua yupi? Chora kilomita kwenye mstari wa ulalo na shilingi kwenye mstari wa wima. Nauli ya kila mmoja itakuwa mstari mnyoofu, na mistari hiyo itakatana kwenye kilomita 5 na shilingi 150. Ukiwa unaenda karibu zaidi ya hapo, mpande wa pili. Ukiwa unaenda mbali zaidi, mpande wa kwanza. Jibu umeliona kwa macho kabla ya kulikokotoa.

Katika falsafa, Descartes alijiuliza swali gumu: ni kitu gani ambacho siwezi kukitilia shaka hata kidogo? Alishuku macho yake, akashuku masikio yake, akashuku hata kama yuko macho au anaota. Mwishowe akaona kwamba kule kushuku kwenyewe kulithibitisha kuwa kuna anayeshuku, naye ni yeye. Akaanzia hapo, kama mchoraji grafu anavyoanzia kwenye sufuri. Kumbe hata katika mawazo, mtu huhitaji mahali pa kuanzia.

Sufuri iliyopigiwa kura

Swali la pa kuanzia ndilo linalotupeleka kwenye mstari wa pili. Ikweta hakuna aliyeichagua. Dunia huzunguka kama pia, na ikweta ni mahali palipo katikati ya ncha zake mbili. Lakini longitudo haina katikati. Mstari wowote wa kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini una haki sawa ya kuitwa sufuri.

Ptolemy, msomi wa Iskandaria, Misri, aliyeishi karne ya pili baada ya Kristo, aliweka sufuri yake kwenye visiwa vya magharibi mwa Afrika ambavyo leo huitwa Kanari. Kutoka hapo aliandika latitudo na longitudo za maelfu ya mahali, ikiwemo bandari ya Rhapta katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hata hivyo vipimo vya enzi zake havikuwa sahihi, na hadi leo wataalamu wanabishana Rhapta ilikuwa wapi. Namba mbili haziwezi kuwa bora kuliko mkono uliozipima.

Baadaye kila taifa kubwa lilijiwekea sufuri yake. Mnamo Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, kulimaliza suala hilo. Greenwich ilipata kura 22. San Domingo ilipinga, Ufaransa na Brazil hazikupiga kura. Wafaransa waliendelea na saa ya Paris hadi mwaka wa 1911. Katika orodha yote ya nchi zilizohudhuria, taifa la Waafrika lilikuwa moja tu, Liberia. Ilhali mstari huo wa Greenwich unapita Algeria, Mali, Burkina Faso, Togo na Ghana, na unakutana na ikweta baharini, kusini mwa Ghana. Sufuri ya dunia nzima iko mlangoni mwa Afrika, na hakuna kitu hapo isipokuwa mawimbi na boya la wanasayansi.

Kura ile inaigusa hata saa yako ya mkononi. Saa za Kenya zimepimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo haipiti popote nchini, iko mbali upande wa Somalia. Kwa sababu hiyo, saa yako ikisema saa sita mchana Nairobi, jua halijafika utosini. Kwa wastani huchelewa kama nusu saa. Babu aliyetazama kivuli chake ili kujua wakati hakuwa nyuma. Alikuwa akisoma saa ya mahali pake.

Mpaka uliotajwa kwa namba

Mwezi mmoja hivi baada ya mkutano wa Washington, yaani Novemba 15, 1884, mkutano mwingine ulifunguliwa Berlin, Ujerumani, kuzungumzia Afrika. Na mnamo Novemba 1, 1886, Uingereza na Ujerumani ziliafikiana juu ya mstari wa kuzitenganisha sehemu zao katika Afrika Mashariki. Mstari ulianzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga ya leo, ukaenda Ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukanyooshwa moja kwa moja hadi Ziwa Victoria, pale ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inakutana na ufuo wa mashariki wa ziwa hilo.

Isome tena sentensi hiyo, msomaji. Mwisho wa mpaka haukutajwa kwa jina la kijiji, wala mto, wala ukoo. Ulitajwa kwa namba. Mwaka wa 1890 mstari uliendelezwa kupita ziwani kwa latitudo hiyo hiyo, na ndiyo maana hadi leo mpaka wa Kenya na Tanzania, halafu wa Uganda na Tanzania, unafuata digrii 1 kusini juu ya maji ya Ziwa Victoria. Hakuna samaki anayeujua. Lakini mvuvi akiuvuka, anaweza kunyang'anywa nyavu.

Utasikia kisa kwamba mpaka ulipindishwa pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, kama zawadi. Tarehe zinakikanusha kisa hicho. Mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, alitawazwa mwaka wa 1888, miaka miwili baada ya mkataba. Mlima haukutolewa kama keki. Ulijadiliwa na mabwana wa serikali mbili, ambao wengi wao hawakuwahi kuuona.

Ukitaka kujionea, nenda Isebania, ambako mji wa Kenya na mji wa Sirari wa Tanzania umegusana. Wakuria wako upande huu na upande ule, ukoo mmoja, lugha moja, ng'ombe wa aina moja. Ukienda mashariki, mstari unapita kati ya Maasai Mara na Serengeti, na nyumbu huuvuka kila mwaka wakifuata mvua. Wamaasai walizoea kufanya vivyo hivyo na mifugo yao. Nyumbu bado wanaruhusiwa. Ukifika baharini utakuta Wadigo nao wamegawanywa.

Viongozi wa Afrika walipokutana Cairo mwezi Julai 1964, walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, kwa kuhofia vita visivyo na mwisho. Uamuzi huo una hekima yake. Lakini mistari haijaacha kuleta ubishi. Kenya na Somalia zilifikishana katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague kuhusu mpaka wa baharini. Kenya ilitaka mstari unyooke kuelekea mashariki kufuata latitudo. Somalia ikataka mstari ulio katikati ya pwani hizo mbili, ambao huinama kusini mashariki. Uamuzi wa Oktoba 12, 2021, ulikataa mstari wa latitudo, na Kenya ikasema haiukubali. Eneo kubwa la bahari, pamoja na samaki na chochote kilicho chini yake, lilitegemea mwelekeo wa mstari mmoja kwenye karatasi. Mwambie hayo mwanafunzi anayeuliza grafu zina faida gani.

Kibla, kamba na setilaiti

Baada ya kusikia jinsi mistari ilivyotumiwa kutugawanya, ni haki pia tuende Mombasa tuone jinsi watu wetu wenyewe walivyoitumia. Mombasa iko digrii 39 na dakika 40 mashariki. Mji mtakatifu wa Makka uko digrii 39 na dakika 50. Tofauti ni dakika 10 tu! Kwa maneno mengine, Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Mombasa, umbali wa zaidi ya kilomita 2,800. Ndiyo maana, ukiingia misikiti ya kale ya pwani hii, utaona kibla imeelekea kaskazini. Wanahisabati wa Kiislamu waliandika vitabu vizima vya kukokotoa kibla kutoka kwa latitudo na longitudo za miji miwili.

Mabaharia nao, waliokwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, walikuwa na kifaa kiitwacho kamal, yaani kibao kidogo chenye kamba iliyofungwa mafundo. Baharia alishika kamba kwa meno, akakinyoosha kibao mpaka kikajaa kati ya upeo wa bahari na nyota ya kaskazini. Fundo alilolishika lilimwambia latitudo yake. Karibu na ikweta nyota hiyo huzama upeoni, kwa hivyo walitumia nyota nyingine. Hawakusubiri Descartes azaliwe.

Ukienda Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utaona baharini majukwaa ya chuma yaliyojengwa na Waitaliano kwa ajili ya kurushia roketi. Walipachagua kwa kuwa karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huokota kasi hiyo bure. Mnamo Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya nne ilitaja vyanzo 339, na wanasayansi hadi leo huviita kwa herufi U ya Uhuru ikifuatwa na namba mbili, za mahali pake mbinguni. Neno letu la Kiswahili limo katika anwani za nyota.

Wanafalsafa wawili, Newton wa Uingereza na Leibniz wa Ujerumani, walitofautiana zamani juu ya jambo hili. Newton aliona anga kama debe kubwa ambalo vitu vimewekwa ndani yake. Leibniz alisema hakuna debe, kuna vitu tu na uhusiano kati yao. Baadaye Einstein akaonyesha kwamba hata wakati hauendi sawa kila mahali. Saa zilizo kwenye setilaiti zinazoiongoza simu yako huenda mbio kuliko za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, simu ingekupoteza kwa kilomita kama kumi kwa siku moja. Na ukiibeba simu hiyo hadi Greenwich, itakuonyesha sufuri mita 102 mashariki mwa mstari ambao watalii hukanyaga, kwa sababu vipimo vya setilaiti vimeisogeza sufuri. Hata sufuri huhama!

Ukipanga safari

Si lazima uende Nanyuki. Ikweta unaweza kuivuka pia Mogotio kwenye barabara ya Nakuru kwenda Marigat, karibu na Timboroa ukielekea Eldoret, au Maseno ukitoka Kisumu kwenda Busia. Ukiweza, fika hapo karibu na Machi 20 au Septemba 23, kukiwa na jua. Simamisha kijiti wima kabisa. Karibu saa sita na nusu mchana, dakika chache baadaye mwezi Machi na dakika chache mapema mwezi Septemba, kivuli chake kitamezwa na kijiti chenyewe. Maonyesho hayo hayana ujanja.

Kisha washa simu, mpe mtoto asome namba mbili za mahali aliposimama, na umwache aziweke kwenye karatasi ya grafu pamoja na za nyumbani kwenu na za kijijini kwa nyanya yake. Aunganishe nukta tatu kwa rula, akokotoe umbali, na aulize mistari mingine iliyoko kwenye ramani ilichorwa na nani. Kuuliza si ujinga. Wale waliochora mpaka wa digrii 1 kusini walikuwa na rula na karatasi kama yake.